Kuotesha Choroko Darasani: Somo la Siku Tano

Kuota kwa mbegu ni mada ambayo mwalimu mgeni huipokea kwa furaha, kwa kuwa yeye mwenyewe aliisoma alipokuwa mtoto na anadhani anaijua. Huchora harage kubwa ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake, halafu akawauliza wanafunzi mbegu huhitaji nini ili iote. Wanafunzi hujibu kwa sauti moja: maji, hewa na joto. Jibu ni sahihi, kipindi kimekwisha kwa dakika 40, na hakuna mbegu hata moja iliyoota.

Makala haya yanamhusu mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Yanakusudia kumweleza jinsi ya kuotesha choroko ndani ya kopo, pasipo udongo, hadi ziwe mboga ya kuliwa. Ni kazi ya nyumbani ambayo mtu yeyote aweza kuifanya kando ya jiko lake. Ikiletwa darasani huwa somo la siku tano, na somo la siku tano lina tabia moja ambayo somo la chaki halina: laweza kuharibika mbele ya macho ya wanafunzi. Nitaeleza kwanza kazi yenyewe na yale yanayotokea ndani ya mbegu, kisha nitazungumzia huko kuharibika, maana ndiko kunakowarudisha walimu wengi kwenye chaki.

Kwa nini choroko

Choroko ni ndogo, haina gharama kubwa, na huota upesi. Katika sehemu zenye joto huanza kutoa mzizi siku moja tu baada ya kulowekwa, hivyo mtoto hana muda wa kuichoka. Hulimwa kwa wingi Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Tabora, na huuzwa kwa kopo au kwa kilo karibu katika kila soko. Asili yake ni India, na kutoka huko ilienea hadi mashariki ya Asia, ambako Wachina kwa karne nyingi wameiotesha gizani na kupika machipukizi yake meupe kama mboga. Sisi tumezoea kuipika ikiwa kavu, kwa nazi au kwa kitunguu na nyanya, tukaila kwa wali au ugali. Kwa hiyo mtoto aliyeila choroko tangu utotoni hushangaa kuona kwamba punje ile ile yaweza kuwa mboga bila bustani wala jembe.

Wapo watakaosema kwamba kuotesha mbegu kwa ajili ya chakula ni jambo la kigeni. Hao wamesahau kimea. Nitarudi kwenye kimea baadaye, kwa kuwa ndicho kiungo baina ya somo hili na jiko la bibi wa mwanafunzi.

Nunua choroko za kula. Usitumie kamwe mbegu za kupanda zinazouzwa katika maduka ya pembejeo, kwa sababu aghalabu zimetiwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu, na mara nyingi hupakwa rangi ili mtu asizile. Choroko zilizopasuliwa na kukobolewa hazioti, maana kiinitete kimekwisha kuharibiwa. Ondoa pia zile zilizobunguliwa na fukusi, zilizosinyaa na zilizovunjika, pamoja na mawe madogo ambayo muuzaji huwa hayaoni anapopima lakini wewe huyaona unapotafuna.

Kabla ya kuingia darasani na choroko usizozijua, zijaribu nyumbani. Hesabu punje 20, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, uzikague baada ya siku mbili. Zikiota 18, basi tisa katika kila kumi zina uhai, na hizo zafaa. Zikiota 9 au 10, rudi sokoni. Jaribio hili dogo laweza kufanywa pia na wanafunzi wa darasa la tano au la sita, nao wakapata hesabu ya asilimia yenye maana kuliko ile ya kitabuni.

Kazi yenyewe

Tafuta kopo safi la maziwa ya unga au la mafuta ya kupikia, lisilo na kutu. Geuza kopo, utoboe kitako chake kwa msumari mwembamba, matundu 15 hadi 20, yaliyo madogo kuliko punje ya choroko. Toboa kutoka ndani kwenda nje ili ncha kali zisibaki ndani zikamkata mtoto anapopitisha vidole. Tafuta pia kitambaa safi cha pamba cha kufunikia, na sahani ya kuwekea kopo. Lichemshe kopo na kitambaa kabla ya kuvitumia.

Jumatatu mchana, wanafunzi waoshe choroko mara mbili au tatu na kuziloweka ndani ya bakuli lenye maji safi ya kutosha. Choroko zisizidi sehemu moja ya tano ya kopo litakalozipokea. Walimu wanafunzi wengi hudharau sharti hili, na siku ya nne hukuta kifuniko kimeinuliwa na mashina. Ziache katika maji usiku kucha.

Jumanne asubuhi mwaga maji, zioshe tena, uzitie ndani ya kopo lenye matundu. Ling'ang'anize kopo kwa muda, ulitikise kidogo, hadi tone la mwisho limetoka. Lifunike kwa kitambaa, uliweke mahali penye giza na hewa: ndani ya kabati lisilofungwa sana, au chini ya meza iliyofunikwa kwa gunia safi. Tangu hapo kazi ni moja tu. Asubuhi, mchana na jioni mimina maji safi juu ya choroko, yapite katikati yake na kutoka chini yote. Lengo la maji hayo ni kuzipa unyevu, kuzipoza na kuondoa uchafu, wala si kuziogesha. Zamu ya jioni ina taabu yake, kwa sababu wanafunzi wamekwisha kurudi makwao, na yafaa mwalimu aichukue yeye mwenyewe.

Jumatano utaona ncha nyeupe ikitoka katika punje nyingi. Alhamisi ncha hiyo imekuwa mzizi na shina jeupe lililopinda. Ijumaa mchana, katika sehemu za joto kama Pwani, Tanga au Morogoro, machipukizi huwa na urefu wa kidole kidogo cha mtoto, nayo yafaa kupikwa. Katika sehemu za baridi kama Njombe au Mbulu huchukua siku moja hadi tatu zaidi, kwa hiyo mwalimu wa huko na aanze mwishoni mwa juma lililotangulia. Anayependa mashina manene aweka juu ya choroko kisahani chenye jiwe dogo lililochemshwa. Mashina yakikandamizwa hunenepa badala ya kurefuka.

Yanayotokea ndani ya mbegu

Mwalimu asiyejua yanayotokea ndani ya mbegu hawezi kujibu maswali yatakayoletwa na siku hizi tano. Punje kavu ya choroko haijafa. Imelala. Ndani ya ganda lake kuna mche mdogo sana, yaani kiinitete, na pande mbili nene zilizojaa wanga na protini. Pande hizo ndizo ghala la mche hadi utakapoweza kujitafutia.

Maji yakiingia, punje huvimba na kufikia karibu mara mbili ya uzito wake wa awali. Kama shule ina mizani, pima gramu 100 kabla ya kuloweka na upime tena asubuhi. Kama haina, tumia mizani ya muuza duka jirani. Ganda hulainika na kupasuka. Maji hayo huamsha vimeng'enya, ambavyo ni vitu vyenye kazi ya kuvunjavunja chakula kilichowekwa ghalani kiwe chepesi cha kusafirishwa. Wanga hugeuka sukari, na protini hugawanyika katika vipande vidogo. Mzizi hutoka kwanza, kabla ya jani, kwa kuwa haja ya kwanza ya mche ni maji. Halafu shina hupinda kama ndoana na kuvuta nyuma yake zile pande mbili pamoja na majani machanga yaliyo katikati. Kwa kupinda hivyo, linapopanda juu katika udongo hutangulia mgongo wake, na ncha laini ya mche haichubuki.

Hapa pana tofauti nzuri ya kuwaonyesha wanafunzi wa madarasa ya juu. Choroko, kunde na maharage huinua ghala lao juu ya udongo. Mahindi na mbaazi huliacha chini. Panda punje tano za kila aina katika kikasha cha udongo siku ile ile mnapoloweka choroko, na baada ya juma moja au mawili wataiona tofauti hiyo wenyewe.

Kuvunjavunja chakula kunahitaji nguvu, na nguvu hupatikana kwa kupumua. Mbegu inayoota hutumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi na joto. Wanaotengeneza kimea kwa magunia wanalijua hili pasipo kufundishwa shuleni: ukipenyeza mkono katikati ya gunia la nafaka inayoota utasikia joto. Sitisita kusema kwamba, katika yote tunayowafundisha watoto kuhusu mbegu, hili la kupumua ndilo tunalolifundisha vibaya kuliko yote. Neno “hewa” husemwa katika orodha, kati ya maji na joto, na hakuna anayeulizwa hewa hiyo ina kazi gani. Mimi mwenyewe nilijifunza jibu lake kwa aibu.

Kopo lisilo na matundu

Kabla sijaja kufundisha chuoni, nilifundisha darasa la nne lenye wanafunzi 76 katika shule moja ya kijijini. Niligawa darasa katika makundi manane, kila kundi likapewa kopo na choroko 20 zilizohesabiwa. Sikuwa na msumari, nami nikaona kwamba matundu si lazima, kwa kuwa wanafunzi wangeweza kumwaga maji kwa kuinamisha kopo. Waliinamisha, lakini hawakuyamaliza, na jioni niliongeza mengine nikidhani nawasaidia. Jumatano asubuhi makopo sita kati ya manane yalikuwa yakinuka. Choroko zilikuwa laini, zenye utelezi, na maji yake yalikuwa na povu.

Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kuja kuliona somo langu Alhamisi. Nyumbani nilikuwa na choroko nyingine nilizokuwa nimeziotesha ndani ya chungio kwa ajili ya mboga, nazo zilikuwa nzuri sana. Jioni ile nilimwaga zilizooza, nikayaosha makopo, nikayajaza kwa choroko zangu.

Somo la Alhamisi lilikwenda vizuri. Wanafunzi walichora, walipima urefu kwa rula, na mwalimu mkuu alitoka ameridhika. Alipokwisha kutoka, msichana mmoja aliyekuwa mwandishi wa kundi la tatu alinyosha mkono.

“Mwalimu, hizi si choroko zetu.”

Nilimwuliza amejuaje.

“Zetu zilikuwa 20. Hizi ni 27.”

Nilimwambia kwamba siku ya Jumatatu alihesabu vibaya. Alilitazama daftari lake kwa muda, kisha akachukua kifutio, akafuta 20 na kuandika 27.

Katika darasa zima, mtoto yule peke yake ndiye aliyekuwa amefanya yote niliyowaagiza: amehesabu, ameandika, na siku ya nne amelinganisha alichoandika na alichokiona. Nami, mwalimu wake wa sayansi, nilimfundisha kwamba daftari hurekebishwa ili limfuate mwalimu. Tena nilikuwa nimemwaga nje somo lenyewe. Choroko zile ziliharibika kwa kuwa zilikaa ndani ya maji yaliyosimama, na maji yaliyosimama hayana oksijeni ya kutosha kwa mbegu nyingi zinazopumua kwa pamoja. Zilikosa pumzi, zikafa, vijidudu vikazila. Makopo sita yenye harufu mbaya yalikuwa ushahidi wa neno lile “hewa” ambalo wanafunzi wangu walikuwa wamelikariri tangu darasa la tatu. Nilikuwa na zana bora kuliko zote, nikaitupa nyuma ya choo.

Ilinichukua juma zima kupata ujasiri wa kuliambia darasa nililolifanya. Kisha tulirudia kazi ile, safari hii tukiwa na msumari, na kopo moja tukaliacha makusudi bila matundu. Yule msichana aliomba kopo hilo liwe la kundi lake.

Makopo manne

Tangu hapo huwashauri walimu wanafunzi waingie darasani na makopo manne, na waharibifu wawili kati yake wapangwe mapema. Kopo la kwanza lina matundu, hunyunyiziwa maji mara tatu kwa siku, na hukaa gizani. La pili hutendewa vivyo hivyo kwa kila jambo, isipokuwa hukaa karibu na dirisha penye mwanga, pasipo jua kali. La tatu lina choroko kavu na halipewi maji kabisa. La nne halina matundu, na choroko zake hufunikwa na maji siku zote bila kubadilishwa. Kila kopo liwe na punje 20 au zidishe 20, zote kutoka mfuko mmoja. Ukibadili mambo mawili katika kopo moja, hutajua ni lipi lililoleta tofauti, na inafaa wanafunzi waulizwe kwa nini iwe hivyo kabla hujawaeleza.

Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya maji kumwagwa, waulize watakachokiona Ijumaa katika kila kopo. Andika makisio yao ubaoni pamoja na idadi ya waliokisia hivyo, wala usiseme nani amepatia. Utaona kwamba wengi huchagua kopo la dirishani, kwa hoja kwamba mmea unahitaji mwanga. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Walifundishwa kuwa mimea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na wameitumia elimu waliyo nayo. Kitu wasichokijua bado ni kwamba mbegu imebeba chakula chake, na kwa siku za mwanzo haina haja ya jua. Ukiwasahihisha Jumatatu, watalikubali neno lako na kulisahau. Waache hadi Ijumaa, watakapokuta kopo la gizani limeota sawasawa na lile la dirishani, na kwamba mashina ya gizani ni marefu na meupe, yenye vijani vya manjano, hali ya dirishani ni mafupi na yameanza kuwa kijani. Hapo wao ndio watakaokuuliza wewe.

Kopo la nne laweza kukuchezea. Punje kadhaa huenda zikapasua ganda na hata kutoa ncha ya mzizi, kwa kuwa maji mapya yana hewa kidogo ndani yake, kisha zikasimama na kuharibika. Mwanafunzi akiandika “zilianza, zikaacha”, hilo ni andiko zuri kuliko “hazikuota”, na alama zimfuate. Usimpe kosa kwa sababu jibu lako la andalio la somo lilisema vingine.

Na je, kopo la kwanza likiharibika, lile ulilolitegemea? Laweza kuharibika kwa joto kali, kwa zamu iliyosahauliwa, kwa choroko za zamani, au kwa kopo kujazwa kupita kiasi. Lioneshe kama lilivyo. Muulize mwenye zamu alifanya nini, kwa upole, ili asije akajifunza kuficha. Andika tarehe, andika tulichokiona, kisha anzeni upya. Siku tano zitakuwa kumi, na azimio la kazi litasogea, nami najua kwamba mwalimu wa mazoezi huogopa sana azimio lake lisogee. Mkufunzi atakayekuja kukukagua anaweza kuelezwa.

Kabla ya kula

Sehemu hii isomwe kwa makini kuliko nyingine zote, maana hapa kosa la mwalimu humfikia mtoto tumboni.

Unyevu na vuguvugu vinavyoiotesha choroko ndivyo pia vinavyozalisha bakteria. Vijidudu vikiwapo juu ya punje, kwenye mikono au ndani ya maji, siku nne za kuotesha huviongeza maradufu mara nyingi sana. Hili si la kubuni. Mwaka 2011 nchini Ujerumani kulizuka ugonjwa mkali wa kuhara damu uliowaua watu zaidi ya 50 na kuwaugua maelfu, na uchunguzi ulielekeza kwenye machipukizi ya uwatu yaliyoliwa mabichi. Nchi ile ina maji safi ya bomba na majokofu. Shule yenye kisima kimoja na wanafunzi mia nane haina sababu ya kujiona salama zaidi.

Kwa hiyo machipukizi ya darasani yasiliwe mabichi kamwe, hata mtu akuambie kwamba kwingineko huliwa hivyo. Maji ya kuoshea yawe yamechemshwa na kupozwa. Kila mwenye zamu anawe mikono kwa sabuni kwanza. Kopo lenye harufu ya uchachu, utelezi au ukungu halipikwi. Wanafunzi watalichunguza kwa macho, kisha litafukiwa. Kopo la tatu na la nne hayaliwi kwa vyovyote.

Mapishi ni mepesi. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya na chumvi, kisha mimina machipukizi yaliyooshwa na ukoroge hadi yote yawe ya moto kabisa na kutoa mvuke, dakika tano au zaidi kidogo. Maganda ya kijani yanaweza kuliwa, ingawa ukiyaelekeza machipukizi ndani ya beseni la maji mengi huelea na kuondolewa kwa urahisi.

Faida yake kwa lishe ni ya kweli, ila isitiwe chumvi. Choroko kavu ina vitamini C kidogo mno, lakini inapoota huitengeneza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watafiti wa Lister Institute mjini London, akiwamo Harriette Chick, walionyesha kwamba jamii ya kunde iliyooteshwa husaidia kuzuia kiseyeye, ugonjwa uliowasumbua askari waliokosa matunda na mboga. Sehemu ya vitamini hiyo hupotea jikoni. Ni afadhali ipotee. Mtoto wa kijijini aweza kuipata kwa wingi katika pera au embe, na wala hahitaji kuumwa tumbo kwa ajili yake.

Jambo jingine: wanafunzi wakiona choroko zimeota watataka kujaribu kila mbegu. Wakaribishe wafanye hivyo kwa kuangalia, si kwa kula. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo kuotesha hakuiondoi yote, na huisha tu kwa kuchemshwa sawasawa. Mbegu za mbarika zisiletwe darasani hata kwa kuchezea, kwa kuwa chache tu zikitafunwa zaweza kuua.

Kimea cha bibi

Siku ya tatu, mzizi unapokwisha kuonekana, waulize wanafunzi ni nani nyumbani kwao anayeotesha nafaka. Mikono itanyoshwa. Huyu atasema bibi yake huloweka ulezi, huufunika kwa majani ya mgomba, huuanika juani ukishachipua, halafu husaga. Huyo ameeleza kimea, na amekieleza kwa utaratibu ule ule wa kopo letu: kuloweka, kuchuja, kufunika, kungoja. Kimea hutumiwa kutengeneza togwa na pombe, na baadhi ya watoto watainama kwa haya watakapolitaja hilo la pombe. Usiwaaibishe. Kazi ya kimea ni ileile ya vimeng'enya kugeuza wanga kuwa sukari, na bibi aliyeigundua kwa ulimi wake hana deni kwa kitabu chetu.

Elimu hiyo imewahi kuokoa watoto. Uji mzito humshinda mtoto mdogo, na uji mwepesi hauna chakula cha kutosha ndani yake. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihimiza akina mama watumie unga wa kimea katika uji wa watoto. Pika uji mzito kabisa, ugawe katika bakuli mbili, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha tia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi katika bakuli moja na ukoroge. Baada ya dakika chache uji wa bakuli hilo humiminika kama maji mazito, ilhali wa bakuli la pili bado umeshika mwiko. Hakuna maji yaliyoongezwa. Hili laweza kufanywa mbele ya darasa kwa jiko moja la mkaa, na sijaona darasa lisilosimama kulitazama. Uji atakaopewa mtoto na urudishwe jikoni uchemke tena. Tumia ulezi, si mtama, kwa kuwa vichipukizi na mizizi ya mtama ina kiasi cha sumu ya sianidi kinachohitaji utaratibu maalumu wa kukiondoa.

Daftari la siku tano

Katika darasa la wanafunzi 80 haiwezekani kila mtoto awe na kopo lake, na wala haitakiwi. Makundi ya watu wanane au kumi yanatosha, kila kundi likiwa na mwosha choroko, mpimaji, mchoraji na mwandishi, na kazi hizo zibadilishane kila siku ili asiwepo mtoto anayeshika kalamu juma zima na mwingine anayeshika ndoo juma zima. Ukiacha wachague wenyewe, ndoo itawaendea wasichana.

Kila mwanafunzi, hata hivyo, awe na ukurasa wake. Ukurasa una safu za tarehe, saa, idadi zilizoota, urefu wa ile ndefu kuliko zote, na nafasi ya kuandika lolote jingine aliloliona. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza ninaposahihisha. Humo nimekuta “leo zinanuka kama majani mabichi”, na “maji yaliyotoka yana rangi ya kijani”, na “punje moja imekataa, ni ngumu kama jiwe”. Punje hizo ngumu hupatikana karibu katika kila mfuko. Ganda lake halipitishi maji upesi, na mtoto aliyeiona amegundua jambo ambalo mwalimu hakulitaja.

Maandishi yawe ya kalamu ya wino, na kifutio kisitumike. Aliyekosea na apige mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, na aandike sahihi pembeni pamoja na sababu. Wanafunzi hulalamika mwanzoni kwamba daftari linachafuka. Wajibu kwamba ndivyo linavyotakiwa, nawe ukikosea hesabu ubaoni, piga mstari mbele yao bila kufuta.

Choroko zitakazobaki Ijumaa, zile zilizopata mwanga, zipandwe nyuma ya darasa katika tuta dogo, sentimita 10 kati ya mche na mche. Katika udongo wenye unyevu wa kutosha zitatoa maua baada ya siku 40 hivi, na mavuno ya kwanza huwa tayari kabla ya miezi mitatu. Mazoezi yako ya kufundisha yatakuwa yamekwisha. Mwachie mwalimu wa darasa tarehe ya kupanda, na jina la mwanafunzi mwenye funguo ya kabati la makopo.